Breki za Ajuza

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na natumaini barua hii inakukuta mzima. Huku hatujambo, isipokuwa Mama, ambaye siku hizi kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kwake ni safari. Anwani yako nimepewa na shangazi. Namba ya simu kaninyima, anasema ulimwapisha.

Sitazunguka. Mama anataka kupelekwa kaburini kwa Baba, na teksi hataki. Anataka Ajuza, gari la Baba. Nimelifunua gari turubai baada ya miaka kumi na moja, na injini imewaka. Shida ni breki. Pedali inazama hadi sakafuni, na gurudumu la mbele kushoto limegoma kuzunguka. Mafundi wa siku hizi wakiona breki za dramu wanacheka tu. Wewe ndiye uliyezitengeneza mara ya mwisho, na Baba akaishia ukutani. Angalau safari hii fanya vizuri.

Kaka yako


18 Machi

Kaka Mwalimu,

Shikamoo. Mimi mzima, mke wangu mzima, na watoto wawili ambao hujawahi kuuliza majina yao nao wazima. Mpe Mama shikamoo yangu, kama bado natajwa humo ndani.

Sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara nne. Haya, tufanye kazi. Weka mawe nyuma ya matairi, piga jeki, toa gurudumu lililogoma. Dramu ni lile bakuli la chuma. Likikataa kutoka, legeza skrubu ya nyuma, kisha ligonge pembeni taratibu. Ndani kuna brekishuu mbili, zimekaa kama mabano ya kwenye vitabu vyako. Juu, katikati yake, kuna silinda ndogo, na ndani ya silinda kuna raba mbili. Zitoe, uniambie zikoje. Halafu fungua kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti, chovya kidole, nusa. Niandikie unachonusa, usikisie.

Siku ya msiba niliomba kufungua gurudumu hilohilo. Niliomba dakika kumi tu. Ulisimama mbele ya gari ukasema nimeshaua mmoja, nisiguse kitu.

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo na familia? Majina ya watoto niandikie. Mama anazidi kudhoofu, anaulizia gari kila asubuhi.

Nimefungua, na mgongo bado unaniuma. Raba zimevimba zikakwama humo, nimezichokoa kwa bisibisi vipande vipande. Kwenye kikopo kuna kitu cheusi kinachoelea juu, kinateleza. Kinanuka oili ya injini. Maana yake nini?

Kaka yako


17 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Namwombea Mama nafuu.

Maana yake ni hii. Oili ya injini haiingii kwenye breki. Ikiingia, raba zinainywa, zinavimba kwa siku chache, zinakwama. Breki zinajishika zenyewe, gari linakuwa zito, magurudumu yanapata moto, na mafuta yakishachemka pedali inazama. Wiki ile Baba alilalamika gari limekuwa zito, unakumbuka? Mimi nilimaliza kazi Jumapili, nikajaza mafuta ya breki. Baba kateremka mlima ule Jumamosi. Hapo katikati kuna mtu alifungua kikopo. Si mimi, na Baba boneti hakuwa anaigusa.

Nunua raba mpya za magurudumu yote na za masta silinda, ile iliyo chini ya kikopo, safisha mabomba kwa spiriti, jaza mafuta ya breki, toa upepo uliobaki kwenye mabomba ukianza na gurudumu la mbali. Breki zitashika.

Ombi langu ni moja. Msomee Mama barua hii, yote. Ni mgonjwa, lakini masikio anayo. Ukiniambia amesikia, nitapanda basi siku hiyohiyo.

Mdogo wako


29 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Mama hatunaye. Alifariki tarehe ishirini na mbili, na tumeshazika. Shangazi nilimwambia nimekujulisha, kwa hiyo watu wanajua ulikataa kuja.

Ni mimi. Jumatatu ile Baba alinituma niangalie mafuta ya breki, nikaona yamepungua kidogo, na galoni ya oili ilikuwa kibarazani. Karakana yako ilikuwa mwendo wa dakika tano. Mimi mwalimu mzima, nikamuulize mdogo wangu kitu gani kinaingia wapi? Nikamimina. Jumamosi walipoleta habari nilikumbuka, ndiyo maana nikasimama mbele ya gari. Sikuwa na hakika. Sikutaka kuwa na hakika.

Barua yako niliingia nayo chumbani mara tatu. Nilimsomea Mama salamu, nikaruka katikati, nikamsomea raba za kununua.

Tarehe tisa nilimpeleka kaburini kwa Ajuza. Kwenye mteremko uleule nilikanyaga breki, gari likasimama palepale. Mama aliniuliza kama ni wewe uliyenielekeza. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Angefanya hivi tangu mwanzo, mume wangu angekuwepo."

Nikatia gia, tukaendelea.

Kaka yako