Leteni Maji Tuone

Shangazi yangu Dina, fundi wa mashuka,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ukisomewa barua ulikuwa unauliza kwanza mwisho wake unasemaje, ndipo utulie usikilize mwanzo. Basi mwisho ndio huo. Sasa vuta ndoo yako, uikalie, nikuhadithie.

Unakumbuka uani mwa ile gesti ya Garsen? Mabeseni matatu, kamba nne za kuanikia, na redio yako uliyoifunga kwa raba ili betri zisitoke. Nilikuja kwako kutoka kijijini kwetu Hewani nikiwa darasa la tatu, mwaka ule mto ulipopanda ukalala juu ya shamba la baba. Kazi ya kwanza uliyonipa ni kushika ncha ya shuka tukamue. Ulisema tukamue sote kulia. Mimi nikawa naangalia mikono yako na kuiga ninavyoiona, kumbe nakamua kushoto, shuka linazunguka tu na maji hayatoki. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye tope.

Jina la Bwana Matangazo ulinipa wewe. Nilikuwa siwezi kukariri hesabu, lakini tangazo nikilisikia mara mbili limeingia. Majani ya chai, biskuti, dawa ya mbu, yote niliyajua na sauti zake. Nililopenda kuliko yote ni la sabuni ya mche ya Theluji. Yule mama wa redio alikuwa akisema kwa madaha, "Chovya mara moja tu," nami namfuatisha, mkono kiunoni. Nawe, bila kuinua kichwa kutoka kwenye beseni, unaijibu redio:

"Leteni maji tuone."

Kila siku. Hata wageni wa gesti walizoea. Mimi nilidhani unamwonea wivu yule mama.

Nikakusumbua wiki nzima mpaka ukanunua mche mmoja wa Theluji. Haya, ukaukatia kwenye maji yetu ya kisima, yale ya chumvi ambayo chai yake haikolei sukari. Sabuni ikakatika kama maziwa yaliyoharibika. Povu hakuna, utando wa kijivu umeganda kwenye mashuka ya watu, na mwenye gesti amesimama mlangoni anatazama. Ulirudia mashuka yote siku ile, kwa ile sabuni ya unga ya mfuko wa bluu ambayo hakuna redio iliyowahi kuitaja. Nilingoja unichape. Ukanipa tu ncha ya shuka ukasema, "Wewe baba, mwite yule mama wako wa redio aje akamue." Niliona haya mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka.

Na ile televisheni ya mapokezi je? Saa ya tamthilia ya kigeni ulikuwa unasimama mlangoni, mikono inachuruzika maji, kwa sababu hukuruhusiwa kuingia na miguu yenye tope. Matajiri wanalia juu ya vitanda vyeupe, wanamwaga mvinyo, wanatupiana mito. Ukumbi mzima kimya, bibi harusi ameachwa. Halafu sauti yako kutoka mlangoni: "Na hayo mashuka, anafua nani?" Watu wakacheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikajifanya sikujui. Nisamehe, Shangazi. Nimekaa chuoni mwaka wa pili sasa, nasomea mambo ya habari, na sijasikia mtu akiuliza swali zuri kuliko lile.

Huku Nairobi kila mtu ana maoni. Ungefurahi, maana ungepata wa kubishana nao. Wenzangu wa hosteli wanaweza kugombana saa nzima juu ya krispi gani ni tamu na viatu gani ni feki. Na mimi nimo, usidhani nimetulia. Nimewaambia kwamba chai ile ya pakiti ya dhahabu ni rangi tu, na kwamba yule dada wa kwenye simu anayeuza krimu ya uso anaitia ngozi yake mwanga kwa mtambo. Wakaniuliza nimejuaje. Nikawaambia leteni maji tuone. Wakashangaa. "Msee, maji ya nini?"

Sasa sikiliza. Muhula uliopita mwalimu wetu, mama mmoja mkali lakini wa haki, alituambia kila mmoja achague tangazo alichambue. Nikachagua Theluji. Bado wapo, siku hizi wako kwenye simu, msichana mwenye kucha ndefu anachovya shati mara moja linatoka jeupe. Niliandika kurasa kumi, na ndani yake ulikuwemo wewe: uani, kisima, redio, na jibu lako. Kazi ikarudi na wino mwekundu pembeni ya jina lako: Shangazi si chanzo. Ondoa.

Nilikasirika, nisikufiche. Tulikuzika Hewani mwaka uliotangulia, na udongo wako bado haujaota nyasi vizuri, halafu mtu anakuondoa tena kwa kalamu. Nikaenda ofisini kwake. Hakunifukuza. Alisema kila mtu ana shangazi, na kila shangazi ana maneno, yeye anataka kitu kinachoweza kuthibitishwa. Akanipa wiki mbili: nithibitishe mbele ya darasa, au nikutoe, au nianguke somo nilirudie mwaka ujao. Nikamwambia kukutoa sikutoi.

Nikampigia Mama Halima, rafiki yako muuza maziwa, yule mliyekuwa mkitaniana kikabila, yeye mfugaji na ng'ombe wake, wewe wa wakulima na ndizi zako. Nikamwomba maji ya kisima cha gesti. Hakuuliza mengi. Alichota mwenyewe, akafunga dumu la lita tano kwa nailoni, akalipeleka kwenye basi. Kondakta akamuuliza ni asali au samli. Alipoambiwa ni maji alicheka, kwani Nairobi mto umekauka? Mama Halima akamjibu kwamba maji haya yanakwenda kortini kutoa ushahidi, kwa hiyo asiyamwage. Lilifika limejaa.

Siku yenyewe niliweka mabeseni mawili juu ya meza ya mwalimu. La kwanza nilitia maji ya bomba la chuo. Nikasugua Theluji, na Shangazi, povu lilijaa mpaka likapanda mikononi. Darasa wakapiga makofi wakinizomea, mmoja akaimba lile tangazo. Nikawaacha wamalize. Nikafungua dumu la Garsen.

Nilisugua mche uleule, kwa mikono ileile. Sabuni ikakatika. Ule utando wa kijivu nilioujua tangu utotoni ukaanza kuelea, nikatumbukiza kitambaa cheupe, nikakitoa, nikakiinua wakione. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaja mbele, akachovya vidole, akasugua, akanusa, akajaribu kuufuta ule utando kwa leso yake ukakataa.

"Huko kwenu mnafuaje basi?" akauliza.

Nikamweleza yote uliyonifundisha: kuyalaza maji usiku kucha, unga wa mfuko wa bluu, kusuuza mara ya mwisho kwa maji ya mto yaliyotulia yakaacha tope chini. Nilisema kwamba tangazo lile halikudanganya juu ya sabuni, lilidanganya juu ya maji. Lilidhani kila mtu ana bomba. Na kwamba aliyeliona hilo kwanza ni mwanamke mmoja aliyeinama kwenye beseni, akisikiliza redio iliyofungwa kwa raba.

Mwalimu aliifuta ile mikono yake. Kisha akasema, "Mrudishe. Na umwandike vizuri, na kazi yake."

Nilitoka pale nikitembea kwa madaha, mkono kiunoni. Wenzangu sasa ndio wanaosema leteni maji tuone, kwa kila kitu, hata kwa wagombea wa uongozi wa chuo. Redio ya wanafunzi wamenipa nusu saa kila Alhamisi nichambue matangazo na tamthilia, na jina la kipindi unalijua. Wiki ya kwanza niliuliza anayefua mashuka ni nani. Mama Halima alisikiliza kwa simu ya mwanawe, akaniambia alicheka mpaka maziwa yakamwagika.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni ukurasa wa mwisho wa kazi yangu, penye orodha ya marejeo. Wanapanga kwa alfabeti, hawajali nani mkubwa. Kwenye herufi B imeandikwa: Buya, Dina. Mfuaji wa mashuka, Garsen. Mazungumzo na mwandishi, uani. Juu yako yuko profesa, chini yako yuko profesa mwingine. Nimewasoma wote wawili, Shangazi, mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukamua shuka.

Pumzika sasa. Kamba zimejaa na jua ni kali, mashuka yatakauka yenyewe.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Bwana Matangazo