Nilimwita Mama Yangu Mnufaika

Shangazi Restuta, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba ulifiche jina langu, kwa sababu nilichofanya nikikisema kwa sauti hapa Tunduma hata wabadili fedha wa pale mpakani watanitemea mate.

Mimi nasomea usanifu majengo, niko mwaka wa mwisho, chuo sitakitaja. Tangu mwaka wa kwanza michoro yangu yote ni ya majengo yanayompa mtu afya na kutunza mazingira, nimechora zahanati inayopoa yenyewe bila umeme, nimechora mahali pa kupumzikia madereva wanaokaa kwenye foleni ya malori siku nne, walimu wananisifu, na kwa kazi ya mwisho nikachagua jiko lisilo na moshi kwa akina mama wa milimani, na mama niliyemchagua ni mama yangu mzazi, Ketrina, kule Ikinga wilayani Ileje, kwa sababu amekohoa tangu nikiwa mtoto na kikohozi chake ndicho kilichonifanya nisomee kazi hii.

Tatizo ni kwamba chuoni nilikuwa nimeshasema mama yangu ni wakala wa forodha. Sekondari nilisoma nikikaa kwa mama mdogo hapa Tunduma, na wenzangu wa chuo akina Brenda wazazi wao wana ofisi, basi siku moja ulimi ukateleza na sikuurudisha. Kwa hiyo kwenye ripoti niliandika "mnufaika, mjane, miaka 58", na hakuna neno la uongo hapo, ila sikuandika kwamba ndiye aliyenizaa.

Mwezi wa nne chuo kilitoa vifaa, tukabomoa jiko la zamani, fundi Aliko akajenga jipya kwa matofali ya udongo yasiyochomwa ili tusikate miti, likawa na bomba la kutolea moshi na madirisha mawili ya juu, zuri kweli. Mama aliuliza jambo moja tu, "Mwanangu Tupo, mbegu nitatundika wapi?" maana mahindi ya mbegu aliyoachiwa na bibi huwa anayafunga kwa maganda yake na kuyaweka kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi unayapitia, fukusi hawayagusi. Nikamwambia mama, siku hizi mbegu ziko madukani.

Walimu na wenzangu wa darasa walipokuja kukagua mwezi wa tisa niliwatangulia nikamwambia mama sheria za chuo haziruhusu kujenga kwa ndugu, kwa hiyo asiseme mimi ni mwanawe, na sheria hiyo haipo, shangazi. Jirani yetu Mama Fortunata naye nikamwomba anyamaze. Mama akakubali. Akatupokea, akanipa mkono kama mgeni, akasema "karibu, dada mtaalamu", akatugawia viazi na maharage, akasema sasa hakohoi, kila kitu nilichomfundisha. Halafu mwalimu mmoja, kwa wema tu, akamuuliza, "Mama, una watoto?"

Akanitazama. Akasema, "Nilikuwa naye mmoja."

Wakadhani amefiwa. Brenda machozi yakamtoka, mwalimu akavua kofia, wote wakasema pole mama, na mimi, shangazi, na mimi nikasema, "Pole, mama."

Nilipata alama ya juu kuliko wote. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Kijijini wakimwita Mama Tupo haitiki, anasema ana jina lake. Fukusi wamekula mbegu yote imebaki unga, na jiko langu ameliachia kuku, anapikia nje kwenye mafiga matatu. Sasa kazi yangu imechaguliwa kwenye mashindano na Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja watu wa kamera kumrekodi mnufaika akipika ndani. Mama alimtuma Mama Fortunata aniambie hatakuwepo. Nimemlilia Mama Fortunata, amekubali kwa shingo upande kuvaa kitenge na kusema jiko ni lake. Je, nimtumie huyo kwanza, nishinde, halafu nikamwombe mama msamaha nikiwa na kitu mkononi? Au nifanyeje? Silali.

Mimi niliyepotoka, Tunduma.

SHANGAZI RESTUTA ANAJIBU:

Marahaba. Umeomba nilifiche jina lako, lakini umeliandika mwenyewe ndani ya barua, na nimeliacha makusudi. Jina hilo si lako peke yako. Kuna mwanamke aliyeitwa kwa jina hilo tangu siku ulipozaliwa, na sasa halitaki.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nakuonea huruma, sitaficha. Najua mtoto wa shamba anavyokodolewa macho na watoto wa ofisini, na najua uongo wa kwanza ulikuwa mdogo. Lakini mkataa kwao ni mtumwa, na wewe umekuwa mtumwa wa Brenda, ambaye masikini hata hajui kwamba anakumiliki. Alimlilia mama yako kuliko ulivyomlilia wewe!

Unaniuliza kama umtafutie mama yako mbadala wa Jumamosi. Tupo, umeshamtafuta. Umeshampimia kitenge. Na huyo Mama Fortunata umemwonea pia, maana ataishi na mama yako kila siku wewe ukiwa kwenye jukwaa lako. Hapana. Mara elfu hapana.

Tena nikuambie la kitaalamu, ingawa sijasoma hata kupiga mstari. Mama yako alikuuliza swali moja, na lilikuwa swali zuri kuliko yote utakayoulizwa na walimu wako. Mbegu nitatundika wapi? Ukamjibu kama muuza duka. Ulisomea afya ya watu na utunzaji wa mazingira, ukaangamiza mbegu iliyotunzwa tangu enzi za bibi yako, na ukapewa alama ya juu. Hiyo alama irudishe.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi mwone mwalimu wako, umwambie mama yule ni nani, na kwamba jiko lina kosa. Usimpigie simu, nenda ukae mbele yake. Watakufuta kwenye mashindano, wafute. Pengine utarudia mwaka, rudia. Wape taarifa watu wa kamera wasije.

Halafu panda Ileje. Usibebe kitenge, usibebe sukari, na usianzie kwa mama yako. Mbegu ya mahindi huko kwenu wanawake hugawiana, na sina shaka bibi yako aliwapa wenzake. Iko kwenye nyumba fulani, juu ya mafiga ya mtu. Pita mlango kwa mlango uiombe, hata ikikuchukua siku tatu, maana mvua zimekaribia na shamba la mama yako halina cha kupanda. Lakini mbegu ya namna hiyo hapewi mgeni. Kila mlango watakuuliza kwanza, hata wanaokujua, kwa sababu habari zako wanazo: "Wewe mtoto wa nani?" Jibu kwa sauti, wasikie mpaka jirani.

Ukishaipata mpelekee, piga magoti, umwambie jambo la sheria za chuo lilikuwa uongo, maana nadhani hilo bado hujamwambia. Usimwambie habari za alama. Kisha kaa naye hapo nje kwenye mafiga, upike, moshi ukuingie machoni. Umeuandikia ripoti nzima na sidhani kama umewahi kuukalia tangu ukue. Jiko utalirekebisha baadaye, yeye akikuelekeza uchaga ukae wapi.

Sikuahidi kwamba atakusamehe. Wapo akina mama wanaosamehe kabla hujamaliza sentensi, na wapo wanaochukua miaka, na wako alivumilia mengi mchana ule. Huenda akapokea mbegu, akakushukuru, akakuita dada mtaalamu. Ikiwa hivyo, itika, na kesho yake urudi shambani kumsaidia kupanda.