Waya Uliotulia: Kumkumbuka Baba Yetu, Mahlon Bontrager

Kitu nilichokiona kwanza kilikuwa kidogo sana, Baba. Ncha ya ufito wako wa kuvulia ilikuwa imetulia.

Mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ya Februari, na sisi bado tumepigwa na butwaa. Mama hutoa vikombe viwili vya kahawa kabatini, kisha husimama akivitazama. Kaka yangu Enos akisikia mlango wa karakana yako unalia, hugeuka. Hukuwa mgonjwa. Ulikula viazi na mayai, ukamfunga farasi kwenye gari, ukamtania Mama kwamba kofia yake imekaa upande, ukaondoka. Kabla ya chakula cha mchana watu wakakurudisha juu ya sleji, lile gari la kuteleza tunalobebea barafu. Hata leo nikiandika hivi naona kama naandika habari za mtu mwingine.

Ulikuwa fundi wa saa. Mtu akikuletea saa ya nyumba yenye mgonjwa, uliifunika nyundo ya kengele kwa kipande cha ngozi laini ili isigonge kwa kishindo, na hukumwambia. Aligundua mwenyewe akishafika kwake. Wengine walikuja kwenye mazishi wakatueleza hayo, na sisi ndiyo kwanza tunayasikia.

Ziwa likiganda kuwa barafu, ulifunga karakana mapema ukaenda kuvua kwenye shimo ulilotoboa katika barafu. Funza wa chambo uliwaweka kwenye mfuko wa shati, kifuani, wasigande. Ukawasahau humo.

"Mahlon!" Mama alikuwa akiita kutoka kwenye ndoo za kufulia. "Wageni wako wamefika huku!"

"Wape kahawa, nakuja!"

Ncha za fito zako ulizitengeneza kwa waya uliotoa kwenye saa zilizokufa, mwembamba kuliko unywele wa farasi. Jirani yetu Curtis, ambaye si wa kanisa letu, alikuwa na mashine ya kumwonyesha samaki walipo. Siku moja alichungulia mlangoni mwa kibanda chetu cha kuvulia, kule juu ya barafu.

"Mahlon, mashine inasema wamejaa hapo chini yako."

"Iulize basi kama wamefungua mdomo."

"Haisemi hayo."

"Basi ipumzishe, imechoka. Njoo ukae."

Ulimfundisha naye, kama ulivyonifundisha mimi. Samaki mwenye njaa huvuta, na kila mtu humwona. Wa katikati ya majira ya baridi hana njaa. Anakuja polepole, anaonja tu, na akionja anainua chambo kidogo. Waya ulioinamishwa na uzito wa chambo unanyooka, unanyanyuka kiasi cha upana wa ukucha. Wengi hukaa wakisubiri waya uiname, na huku samaki amekwisha kula akaondoka.

Waya wangu ukinyanyuka, uliniuliza, "Umeuona?"

Nami niliitikia kwa kichwa.

"Savilla, mimi natazama maji. Nikikugeukia wewe nitamkosa wangu. Nijibu kwa mdomo, mwanangu."

Nilivuta mshipi kimya, na wewe ukacheka.

Jambo moja hukumwonyesha Curtis. Uliposhika ufito mkononi bila kuuegemeza popote, waya wako haukutulia kabisa. Ulidundadunda, kidogo mno, bila kukoma. Mara ya kwanza nilikuonyesha kwa kidole nikidhani ni samaki.

"Huyo si samaki," ulisema. "Huyo ni mimi. Ni damu inapita. Mjue, usije ukamvua."

Tangu hapo nilikujua. Nilipochoka kutazama waya wangu niliutazama wako.

Wiki hii mwaka unatimia, na Mama anapaswa kuziacha nguo nyeusi za msiba. Amezifua, amezipiga pasi, amezikunja, kisha amezivaa tena.

"Nguo naweza kuzivua," alituambia jikoni. "Swali nalivuaje? Aliumia? Aliniita mimi huku sisikii?"

Enos akasema, "Mama, usimbane. Unajua Savilla hawezi kuyasema hayo."

"Basi ayaandike," Mama akasema. "Aandike hata kwenye gazeti, asome kila mtu, mradi nijue."

Ndiyo maana naandika mimi, ingawa shule sikuimaliza. Kibandani tulikuwa wawili.

Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako, mgongo ukutani, ufito mkononi. Jiko lilikuwa linawaka vizuri. Mwanga wa kijani ulikuwa unapanda kutoka shimoni ukikupiga kidevuni. Ulikuwa umetoka kusema kwamba kesho tumletee Mama samaki wakubwa, asije akasema tunakuja huku kulala. Nikatazama waya wangu. Nikatazama wako, na ulikuwa unadunda kama siku zote. Nikautazama tena, na ulikuwa umetulia.

Mama, waya ule ulimwonyesha samaki anayeonja bila njaa. Mkono wa Baba ungeshtuka hata kidogo, waya ungeruka. Angekaza vidole, ungetetemeka. Mimi nilikuwa nautazama. Haukuruka wala haukutetemeka. Ulikuwa ukidunda, ukaacha. Hakukuita, kwa sababu hakikuwapo kitu cha kumfanya aite. Zivue nguo, Mama.

Kisha, Baba, waya ukanyanyuka. Taratibu, kama ulivyonifundisha. Samaki alikuwa amekuja kuonja. Mkono wako haukuvuta. Nilidhani unanifanyia mchezo, umekaa makusudi ukinisubiri niseme kwa mdomo. Nikangoja ucheke. Waya ukarudi chini, samaki akaenda zake, na wewe hukucheka. Nikakugusa mkono wa koti. Sijui nilifikaje nje. Curtis anasema alinikuta nimesimama kwenye barafu bila shali, mdomo wazi, sauti haitoki, naonyesha kibanda kwa kidole.

Unakumbukwa na mkeo Lovina, mwanao Enos na mkewe Martha, wajukuu zako wanaogombania kiti chako karakanani, dada yako Amanda, na mimi binti yako. Curtis naye ameomba atajwe. Mashine yake ameiacha nyumbani majira haya yote. Anavua kwa waya uliompa, na anasema anawakosa wengi lakini hataki kingine. Saa ya ukutani inatiwa ufunguo kila Jumamosi jioni kama ulivyotaka, na kila ikitiwa tunakutaja. Hatutakusahau kamwe, si majira haya wala mengine yatakayokuja.

Na lile uliloniuliza miaka yote nikaitikia kwa kichwa tu, nimelisema leo asubuhi kibandani, kwa mdomo, kwa sauti, nikiwa peke yangu, ufito wako ukiwa mkononi mwangu.

Niliuona, Baba.