Rido ya Mikunjo Ukutani kwa Mama Jeanne

Mama Blandine mpendwa, naomba unisaidie, na kama unasoma hii ku radio usitaje jina yangu, ijapo mtaa wote wa Kapata utanitambua, sababu fundi wa marido, mapazia ya dirisha, wa kiwango changu hakuna mwengine toka hapa mpaka Mutshatsha. Mi nimeshona Ndola, nimeshona Lusaka, masomo niliachia mwaka wa ine lakini kitambaa kinaniita tata, baba yake.

Rido, mama, ni kama mutu, unaijua ku kichwa. Kuna ile ya matundu ya chuma, unapitisha fimbo, vijana banaipenda; kuna ya vitanzi; zote mbili zinaacha ukuta wazi pale juu. Halafu kuna ya mikunjo mitatu-mitatu yenye ndoano nyuma, inaficha chuma chake na kila kitu, inasimama wima sawa askari siku ya mshahara. Njo hiyo Mama Jeanne aliniomba, mjane aliyenilisha miaka mbili wakati nilifika Kapata na mashini bila sindano.

Nyumba yake ya kupangisha ilipasuka. Kila siku saa nane mchana banapiga baruti ku mine, kule banachimba madini, na ufa ulitoka ku kona ya dirisha ukapanda mpaka plafon, dari ya nyumba, mukono wangu uliingia mpaka pale navaa saa. Akaniambia, "Mwanangu, funika. Nikikosa mpangaji nitakula nini?" Nikafunika, na kwa kiburi changu nikafunika vizuri kupita kiasi, toka plafon mpaka chini, nusu metre kila upande wa dirisha, velours, kitambaa kizito, ya rangi ya divai. Mado, mama wa batoto batatu, aliingia, akaitazama, akahamia siku ileile.

Juma iliyopita Mado akaniita, eti vis za chuma cha rido zinachomoka ukutani. Nikakuta amesukuma kitanda cha batoto chini ya rido yangu, sababu njo kona nzuri mu nyumba, na kadogo, mutoto wake wa mwisho, kanalala pale kila mchana. Nikachungulia nyuma, mwangaza wa nje unapita mu ufa. Mado akauliza, "Tata fundi, ni ukuta?"

Nikajibu, "Apana, mama, ni uzito wa velours."

Nikaweka vis ndefu. Akanipa chai, nikaiacha ku meza nikatoka. Nikisema, Mama Jeanne atalala njaa na atanilaani. Nikinyamaza, basi kila saa nane nasimamisha mashini nasikiliza upande ule. Nifanye nini?

Fundi wa Kapata

*

Fundi,

Barua yako inaringa mistari mitano ndipo inaanza kulia. Uliandika jumatatu, nimeipata alhamisi. Baruti imepigwa mara tatu hapo katikati, na wewe ulikuwa unatafuta timbre ya kubandika ku barua.

Sikungoja kipindi changu cha radio. Nilienda Kapata, na sikuuliza njia, sababu rido ya namna ile inaonekana toka barabarani. Hapo unayo haki ya kuringa. Mado alinionyesha kitanda. Ku mto kulikuwa kipande cha plasta ya ukuta, kikubwa sawa sahani. Kadogo alikuwa na homa, mama yake alishinda naye mu mgongo mchana wote. Homa njo ilimuokoa. Si wewe.

Unampenda Mama Jeanne, na mi sikukatazi. Mulishe basi, sasa ni zamu yako. Lakini mutu aliyekupa sahani ya bukari hakununua ulimi wako, na mama mwenye njaa anaweza kungoja mpaka jioni, ukuta haungoji. Atelier yako ya kushonea iko na byumba bibili: kimoja ni cha Mado na batoto toka leo, mpaka apate pengine. Mama Jeanne umupeleke ku bureau ya quartier, ofisi ya mtaa, ufa uandikwe kabla mvua haijaanza. Akikulaani, umushike mukono uendelee kutembea naye.

Kitanda tulikitoa. Rido sikuigusa, na barua hii naisukuma chini ya mlango wako mwenyewe. Kesho asubuhi uende na Mama Jeanne, umuite Mado, utoe ndoano moja moja kwa mukono wako, bote batatu mutazame.

Na Mado akikuuliza tena kama ni ukuta, umujibu.