Boga la Kwanza Limetoka Shambani Kwangu

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Kuku wafungulie. Mimi nimetangulia sokoni.

Jana kaka yako alikuomba boga letu "la kupambia meza", nawe ukampa, mkarimu wa jasho la mwenzio! Asubuhi hii muuza mchicha kapita dirishani akicheka: "Shemeji yako kapeleka boga kwa kamati ya soko, kasema ni lake. Leo anapewa kile kivuli cha kuuzia!" Unajua fika kwamba mwenye boga la kwanza la msimu ndiye anayechagua pa kuuzia. Yeye jembe analijua kwa picha tu. Nilipokipigania kile kivuli, alisema soko ni la wachovu. Sijasahau.

~~Usikanyage sokoni, nitakutukana mbele ya watu.~~ Njoo. Vaa shati safi. Utaiambia kamati boga lilitoka shamba gani na nani alilimwagilia.

Viti vya sebuleni usivitafute, nimevibeba vyote nikavipange kivulini kabla kaka yako hajaamka. Kimoja ni chako ukisema kweli. Ukimfichia ndugu yako uongo wake, utakula maharage umesimama msimu mzima.

Mama watoto
(kamati huniita Mama Vurugu)