Karafuu Miguuni mwa Urbain

Glenwood, Durban
14 Agosti 1998

Ami yangu mpendwa Machano,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti limeacha kukusumbua? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanilaza na soksi.

Mafuta ya karafuu uliyonipelekea yamefika, chupa zote mbili. Uliuliza nayafanyia nini chuoni. Naotesha bakteria kwenye visahani, kisha natia tone la mafuta nione kama watakufa. Karafuu kidogo peke yake, hawajali. Mchaichai kidogo peke yake, hawajali. Nikichanganya hicho kidogo na kidogo, Ami, habaki hata mmoja!

Bakteria wenyewe nimewatoa kwenye buti za Urbain. Huyu ni Mkongo, kuli wa bandarini, mchumba wa Immaculée, msichana ninayekaa naye nyumba moja. Akivua buti tunafungua madirisha. Basi akaitwa akajitambulishe kwa mchungaji Séverin, baba mdogo wa Immaculée, na kwa mchungaji kapeti ni jipya, hapiti mtu na viatu.

“Dada Kidawa, unisaidie,” akaniomba. “Wakinivulisha viatu, ndoa imekufa.”

Nikamtilia matone machache ya karafuu na mchaichai ndani ya mafuta ya nazi, apake wiki nzima. Kosa langu, chupa yako moja niliiacha mezani. Jumapili, tukiwa tunajiandaa kutoka, akamimina nusu yake kwenye soksi, karafuu tupu.

Tulipoketi sebuleni kwake, mchungaji akanusanusa, akamwita mkewe jikoni: “Mama Élisabeth, iko pilau leo?”

Haikuwepo. Urbain anajibu maswali huku anainua mguu huu, anashusha ule. Alipoulizwa kama anampenda Immaculée kweli, machozi yakamtiririka. Mchungaji akaguswa mpaka akavua miwani.

“Hapana, Papa,” Urbain akasema, “ni miguu inaungua!”

Ikabidi nieleze yote, kuanzia visahani. Immaculée alijifunika uso kwa kitenge. Mchungaji akaenda akaleta karai na sabuni, akapiga magoti, akamwosha Urbain miguu yeye mwenyewe, taratibu, kidole kwa kidole. Nilijua akisimama atatufukuza.

Akajifuta mikono. “Mutu nimemuosha miguu,” akasema, “nitamukatalia namna gani?”

Harusi ni Desemba. Ngozi ya miguu imembambuka kidogo, lakini anatembea.

Naomba unitafutie chupa nyingine, kazi yangu haijesha. Profesa nimemwambia nusu imemwagika. Sikusema uongo, Ami, ila sikumwambia imemwagika wapi.

Nisalimie sana shangazi Mwanaidi, Nasibu na wanawe, na bibi umbusu mkono kwa niaba yangu. Mungu akupe afya na mavuno mema.

Mwanao akukumbukaye kwa mapenzi,
Kidawa