Katani Kwenye Tundu la Stadi

Dryanovo, 2 Aprili

Kaka yangu mpendwa Lyuben,

Salamu nyingi zikufikie huko Valencia, wewe na wifi yangu. Natumaini mgongo wake umepata nafuu, na kwamba wewe hujazidi kunenepa tangu ile picha. Sisi hatujambo. Baba anakohoa kila asubuhi, kisha anajisahau na kuwasha sigara. Mimi nina afya ya punda na kazi tele gereji.

Habari kubwa ni kwamba gari la Baba limenguruma. Ndiyo, lilelile lililochemka mikononi mwako kule mlimani Shipka, siku ya harusi ya binamu yetu Zlatka, miaka tisa iliyopita. Mwezi uliopita Baba aliniambia nilifufue kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Nilipomuuliza kwa nini sasa, akajibu kwamba gari si jiwe la kaburi.

Stadi, ile skrubu isiyo na kichwa inayoshika pampu ya maji, ilikuwa imekatikia ndani ya injini, hata kucha haipati pa kushika. Mafundi wawili wa mjini walishamwambia atafute injini nyingine. Nikamwambia atulie aone kazi ya binti yake. Nikalowesha kile kisiki kwa mafuta siku mbili, nikakichomelea nati juu, nikaiacha ipoe, kisha nikazungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Haraka haraka haina baraka. Kikatoka kizima, kikilia kama mlango wa zizi. Sijisifu, lakini simjui mwingine wa kuifanya kazi hiyo hapa karibu.

Kilichonikalisha chini ni nilichokiona juu yake. Kilikuwa kimeviringishiwa katani na kupakwa rangi nyekundu, vile mafundi bomba wanavyofunga mabomba ya maji. Nusu ya nyuzi za tundu, ile mikato inayoshika stadi, zilikuwa zimelika. Nyumbani kwetu unamjua aliyepata mkate wake kwa kazi ya mabomba miaka arobaini. Tundu lilikuwa bovu kabla hujabadilisha pampu wiki ile ya harusi, na Baba alilijua, lakini akakuita fahali asiye na akili mbele ya ukoo mzima, eti umekaza mpaka umevunja.

Nililitoboa tundu likapanuka, nikalikatia nyuzi mpya, nikaingiza koili ya waya wa chuma, na stadi mpya imekaa imara. Kisha nikamwekea Baba ile katani mezani. Akaigeuzageuza, akasema rangi yenyewe bado ni nzuri. Baadaye akakiri kwamba siku ile alitaka kusema, ila ulikuwa umeshabamiza mlango, na kila mwaka aibu ikazidi kuwa nzito.

Ningeweza kuishia hapo na kubaki msafi. Lakini kaka, siku moja kabla ya harusi, ulipokwenda kunyolewa, niliona pampu inadondosha maji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najiona fundi. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili niongeze nguvu, nikakaza, nikasikia stadi inalia tik. Nikafuta maji, nikanyamaza. Baba alipokuwa akikutukana nilikuwa nikigawa supu, na niliendelea kugawa. Nilikuacha uondoke na kosa langu. Nimeona haya kila siku tangu hapo. Naomba unisamehe.

Baba nimemwambia yote. Akasema kumbe nyumba hii ilikuwa na wakosaji wawili, tukamfukuza wa tatu asiye na kosa. Amenikataza kuandika kwamba alilia, kwa hiyo sijaandika.

Anasema utaje siku tu. Atakuja kukupokea mwenyewe uwanja wa ndege Sofia, kwa gari hilohilo, na kurudi nyumbani usukani utaushika wewe. Usipokuja, anasema, ataelewa, lakini tangu jana analiosha gari ambalo halijachafuka.

Msalimie sana wifi, na umbusu kwa niaba yetu.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Nevena